Gari Litakalomtoa Sekela

Tunduma, Jumamosi, 4 Juni 2011

Barua ya posa ya binti yangu Sekela imefika mezani pangu leo kwa mara ya tatu, nami nimeipokea. Mara mbili za kwanza niliirudisha. Ya kwanza haikuwa na tarehe wala anwani ya mpelekaji. Ya pili ilianza kwa "Habari za siku nyingi", kana kwamba mimi na ukoo ule tuliwahi kuchunga mbuzi pamoja. Mshenga wao, Bwana Ombeni, mjomba wa kijana, hutoka Mbebe kule milimani Ileje kwa malori ya magunia. Kila mara nilimpa chai, kisha nikamrudishia barua yake ikiwa na wino mwekundu pembeni.

Leo alikaa ukingoni mwa kiti nilipokuwa nikisoma.

"Mzee Simbeye, sisi kwetu tunaoa kwa ng'ombe," alisema. "Haya ya wino tumeyakuta kwako."

"Ni kwa sababu mmekuja kuoa kwa mwandishi."

"Basi ukimaliza kutuoza, utatupa na cheti cha kufaulu."

Sikucheka. Nimeigonga barua muhuri wangu, na nimefungua daftari hili ili mambo ya msimu huu, hadi harusi tarehe 24 Septemba, kahawa ikiwa imekwisha kuchumwa, yawe na kumbukumbu iliyo nyoofu. Atakayelisoma baada yangu na ajue kwamba mimi ni Nathanaeli Simbeye, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa na elimu ya darasa la nne. Mengine yote nilijifundisha kwa kamusi moja na kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Huu ni mwaka wa thelathini na moja nikikaa kibandani mkabala na mahakama, nikiwaandikia watu maombi na malalamiko yao. Hakuna karani mjini hapa asiyeutambua mwandiko wangu.

5 Juni

Kijana anaitwa Lusubilo, fundi wa magari. Mwenendo wake sina la kuulaumu. Lawama yangu iko kwenye gari lake.

Ni gari la michezo la Kijapani, lenye milango miwili na viti vinne. Lilipinduka likiwa safarini kwenda Zambia, akalinunua likiwa chuma kilichokunjamana. Kwa miaka mitatu amelijenga apendavyo yeye. Amelitia injini kubwa ya gari jingine, turbo, bawa la nyuma, na ekzosi inayotoa sauti ya mtu anayetapika ndani ya pipa. Amelishusha hadi tumbo linakaribia kugusa lami, akalipaka rangi ya zambarau. Viti amevishona Sekela mwenyewe, kwa kuwa ni fundi cherehani, tena kwa ngozi za ng'ombe zenye manyoya, za kahawia na nyeupe, ambazo alizifuata Msangano kwa mfugaji mmoja aitwaye Kashinje. Alishona miezi saba. Mama yake alikuwa akimtoa ncha za sindano zilizovunjikia vidoleni.

Gari hilo ndilo wanalotaka limtoe binti yangu nyumbani kwangu.

11 Juni

Baridi kali. Wateja wawili tu.

19 Juni

Mji mzima umeacha kazi. Lori limeshusha gari katika yadi iliyo nyuma ya kibanda changu, gari la njano, la fahari, la mbio, ambalo kwa jinsi lilivyo bapa mtu hulitazama kama anayetazama kisimani. Ni mali ya mfanyabiashara wa madini wa Lubumbashi. Dereva aliyekabidhiwa ni Ayoub, mtu wa Tanga, mpole, mwenye kofia ya kushona. Vijana walining'inia ukutani.

"Ayoub, wameliongezea nini humu?" mmoja aliuliza.

"Hawajaongeza hata skrubu. Lilivyozaliwa ndivyo lilivyo."

Nilikwenda nikasimama karibu nalo. Jambo lililonigusa ni hilo, kwamba hakuna mkono wa fundi uliolipitia. Hati iliyoandikwa mara moja, bila kufutwa wala kukatwa, ndiyo hati yenye nguvu.

Mwaka 1999 nilimwoza binti yangu wa kwanza, Conjesta, huko Ihanda. Alitoka nyumbani kwangu ndani ya lori la kahawa, na majirani wakasema Mwandishi amesafirisha gunia. Yule aliyelisema kwanza bado ananunua sukari duka moja na mimi.

27 Juni

Ayoub amenijia kibandani. Kwenye hati zake namba ya injini imeandikwa nane mahali ambapo kwenye chuma pana tatu. Hawezi kuvuka mpaka hadi ofisi husika ipelekewe barua ya kuomba masahihisho, pamoja na hati halisi.

"Mzee wangu, nimeambiwa barua yako hairudi."

"Haijawahi kurudi."

"Basi nifanyie hima. Ramadhani hii hapa, nami Idi nataka niile nyumbani na Miriamu. Ana mimba ya miezi mitano."

Nimezipokea hati zake halisi na kuzifungia katika mtoto wa meza. Barua ya namna ile huimaliza kabla chai haijapoa.

2 Julai

Sijaianza barua ya Ayoub.

9 Julai

Ilinibidi kwenda Ihanda kumwona dada yangu Marta, shangazi atakayemweka Sekela ndani na kumfunda. Lusubilo akasimamisha lile gari mlangoni. Getruda, mke wangu, alinisukuma mgongoni.

"Ingia, Baba Conjesta. Au unataka uandikiwe barua ya mwaliko?"

Nikaingia. Ngozi ile ya ng'ombe ilikuwa na joto, na mishono yake ilinyooka kama mistari ya daftari jipya. Mjini aliendesha taratibu kwa adabu. Tulipomaliza foleni ya malori na barabara ikafunguka kwenye mteremko, alinitazama.

"Baba, nikuonyeshe kidogo?"

Sikujibu, naye akachukulia kuwa nimeridhia. Nilibanwa kitini kana kwamba mkono wa mtu mwenye nguvu umewekwa kifuani pangu. Tuliyapita malori sita yaliyopanga mstari, nguzo za umeme zikawa ua, na katika kona ambapo nilitamka jina la Mungu gari liligeuka kwa utulivu wa mtu anayegeuza ukurasa. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuifahamu. Ilikuwa yangu. Nilikuwa ninacheka.

Marta alikuwa uani akikoroga kahawa mbivu kwenye pipa la maji, mikono myekundu hadi viwiko.

"Kaka, ni wewe uliyekuwa unacheka barabarani? Tangu tumzike mama sijakusikia."

"Ni ekzosi ya gari."

"Ekzosi ina meno kama yako?"

Wachumaji wote walicheka, na Lusubilo akainamisha uso ili asicheke nao. Huo uungwana wake ndio ulioniudhi kuliko vicheko vyao.

10 Julai

Ninaandika kwa kuwa nimeapa kuandika ukweli: ni gari zuri ajabu. Sitalisema hilo kwa mtu.

16 Julai

Kikao cha familia. Hoja ilikuwa moja tu, gari litakalomtoa Sekela. Niliwaeleza kwamba mwenye yadi ni rafiki yangu, kwamba lile gari la njano lipo, na kwamba kutoka hapa hadi kanisani ni lami tupu.

"Lina viti vingapi?" aliuliza Sekela.

"Viwili."

"Cha dereva na cha nani?"

"Chako."

"Na mume wangu atakaa wapi, Baba? Kwenye boneti?"

Getruda alijifuta machozi ya kicheko kwa kanga. Nikasema kwamba bwana harusi atafuata nyuma kwa chombo chake mwenyewe. Sekela aliacha kucheka.

"Baba, mimi sijawahi kuona harusi ambayo bibi harusi anatoka na dereva."

"Wala hujawahi kuona gari kama lile."

"Nimeliona. Ni zuri. Ila halinijui."

Lusubilo alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilimgeukia nikamweleza kwa upole juu ya hati iliyofutwafutwa na kukosa nguvu kwake. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, bila jeuri yoyote:

"Lakini Baba, barua yangu uliisahihisha mara mbili. Ya tatu, iliyosahihishwa, ndiyo uliyoikubali."

Getruda aliangalia dari. Sekela alimtazama kijana yule kwa macho ambayo mwanamke humtazamia mtu mmoja tu maishani mwake, nami niliyaona. Nikafunga kikao kwa sala.

17 Julai

Sikulala vizuri.

1 Agosti

Ramadhani imeanza. Ayoub alikuja saa nne asubuhi, midomo mikavu.

"Mzee wangu, barua?"

"Kuna kipengele ninakitafakari."

"Nipe hati zangu basi, nijaribu kwa mwandishi mwingine."

"Hati zimekwisha kuingizwa katika maandalizi. Zikitolewa sasa, maombi yatavurugika."

"Harusi ya binti yako ni lini, mzee?"

"Tarehe ishirini na nne ya mwezi ujao."

"Basi nimeelewa," akasema. Alikaa kwenye benchi langu hadi adhuhuri, na mbele yake niliandika maombi ya watu wengine watatu.

8 Agosti

Nane Nane. Sekela amekwenda Ihanda kuwekwa ndani kwa shangazi yake. Nimemwagiza Marta aifungie simu ya binti kabatini, kwa kuwa mtu anayefundwa hapaswi kusikia ya nje. Alipokuwa akipanda gari la abiria alinibusu mkono.

"Baba, nimekubali la njano kwa ajili yako. Lakini Lusubilo aje na letu nyuma. Nikiligeukia dirishani nilione."

9 Agosti

Nimemwandikia Lusubilo barua. Nainakili hapa, kwa kuwa imepangika vyema.

"YAHUSU: MASHARTI YA CHOMBO CHA BWANA HARUSI. Rejea kikao cha tarehe 16 Julai. Kwa heshima ninakuarifu kwamba chombo chako kitaruhusiwa kuingia uani kwangu na kufuata msafara endapo tu kitakuwa kimerudishwa katika hali kilichotoka nayo kiwandani, kwa rangi, injini, kimo, sauti na viti, sawasawa na kadi yake ya usajili. Kwa kuwa bibi harusi yumo ndani, habari hizi zisimfikie. Kukosekana kwa utekelezaji kutachukuliwa kuwa ni kuiondoa posa."

Niliiandika nikijua kwamba hakuna mwanamume atakayeikubali. Nilisubiri Sekela aondoke ndipo niiandike. Yote mawili nayaandika hapa kama yalivyo.

13 Agosti

Ombeni amerudi na jibu. Hakukubali chai.

"Amekubali," alisema.

"Amekubali lipi?"

"Yote. Nimemwambia, mpwa wangu, huyu mzee anakuvua suruali barabarani. Akasema, mjomba, ni chuma tu, nikishampata mtu nitakijenga tena." Ombeni alisimama akavaa kofia yake. "Wewe una bahati, Mwandishi. Ungemwandikia baba yake, ungejibiwa kwa panga."

20 Agosti

Upepo na vumbi, kalamu inakwaruza. Nilipita gereji kana kwamba nina safari yangu. Lusubilo alikuwa chini ya gari. Bawa lilikuwa limeegemezwa ukutani. Turbo ilikuwa juu ya gunia, imefutwa mafuta, inang'aa kama chombo cha kanisani. Mafundi wenzake walimkalia kwa maneno.

"Oya, Lusu, mkwe akitaka ukate nywele utanyoa na nyusi?"

"Atanyoa. Huyu kaolewa yeye!"

Alipotoka chini akaniona, alijifuta mikono, akaniamkia huku amepiga goti moja kwenye mafuta machafu.

"Shikamoo Baba. Ikifika mwezi ujao litakuwa tayari. Viti vya kiwandani nimeshavipata."

Niliitikia nikaondoka. Kama angenitukana pale, ningeiondoa barua siku ile ile. Nimelipima jambo hilo mara nyingi, na ninaamini ningeiondoa.

27 Agosti

Limepakwa rangi nyeupe.

31 Agosti

Idi. Ayoub aliswali peke yake yadini, kati ya gari la njano na ukuta. Getruda alimpelekea wali na kuku bila kuniuliza. Aliporudi na sahani aliiweka mbele yangu kwa kishindo.

"Mkewe amejifungua kabla ya siku. Mtoto hakukaa. Wamemzika Tanga jana na baba yuko hapa analinda bati la mtu. Wewe una barua gani ya hilo?"

Nikafungua mtoto wa meza. Barua niliiandika kwa dakika ishirini. Kisha nikahesabu siku zilizobaki hadi tarehe 24, nikaiweka mtotoni, nikafunga.

10 Septemba

Kahawa ya Marta imekauka vyema. Ametuma salamu kwamba Sekela amenenepa na anaimba.

20 Septemba

Watu wawili wametoka Lubumbashi wakiwa na hati mpya zilizotolewa upya na mwenye mali, zenye namba iliyo sahihi. Waliongea na mwenye yadi Kiswahili cha kwao na Kibemba kwa nusu saa. Saa saba mchana gari la njano lilipandishwa lorini na kuvuka mpaka. Hati nilizozifungia hazikuwa tena hati, zilikuwa makaratasi.

Ayoub alikuja kibandani akiwa na begi lake. Wamemfuta kazi kwa uzembe. Nikampa barua yake. Aliisoma yote, amesimama, hadi kwenye sahihi.

"Barua nzuri," alisema. "Haina kosa hata moja."

Akaikunja vizuri mara nne, akaiweka chini ya mguu wa benchi langu unaopwaya, akakaa kidogo kujaribu kama limetulia. Kisha akaenda kituo cha mabasi.

21 Septemba

Nilikwenda gereji mapema. Lusubilo alikuwa analing'arisha lile gari jeupe kwa kitambaa. Nilijikuta ninasema naye bila mpangilio wa maneno.

"La njano limeondoka. Lako ndilo litakalombeba. Unaweza kulirudisha lilivyokuwa? Una siku tatu."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kulirudisha kiwandani, Baba? Limesharudi."

"Kulirudisha kwako."

"Turbo na viti nimeviuza Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Baba. Vimefungwa kwenye gari la mtu, ameshasafiri navyo Kitwe." Kisha akatabasamu kunituliza. "Usihofu. Limetoka sawasawa na kadi. Nimekagua kila kipengele cha barua yako."

Na kweli, lilikuwa sawasawa na kadi. Lilikuwa gari jeupe, la zamani, ambalo mtu angelipita mara mia bila kuligeukia.

22 Septemba

Getruda hasemi nami isipokuwa kuhusu chumvi na maji.

24 Septemba, jioni

Nitaandika kwa utaratibu.

Sekela aliletwa na Marta saa mbili asubuhi, amefunikwa, akaingizwa chumbani kuvishwa. Turubai lilikuwa limejaa. Yule jirani wa sukari alikaa safu ya mbele. Saa nne, wakwe kutoka Mbebe walifika kwa nyimbo, wanawake wakiwa wamejifunga kanga za sare. Wa kwetu wakafunga geti kama ilivyo desturi, maneno ya kutaniana yakapigwa, geti likafunguliwa, na gari jeupe likaingia uani polepole, bila sauti yoyote, likiwa na utepe.

"Mwandishi," jirani alisema kwa sauti ya kusikika turubai zima, "si tuliambiwa linakuja la njano? Au limechuja?"

Watu wakacheka. Ninaapa kwamba wakati huo nilidhani hiyo ndiyo aibu yangu yote ya siku.

Sekela alitoka akiwa ameshikwa mikono na Marta na mpambe wake. Alimwinamia mama yake.

"La njano liko wapi, Mama?"

"Limekwenda kwa mwenyewe."

Uso wake ukafunguka. Hata chini ya shela niliuona. Alifurahi. Alikuwa amekubali gari langu kwa wiki saba ili kunistahi, na sasa Mungu alikuwa amemwondolea. "Basi tunakwenda na letu!" alisema, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetafuta uso anaoujua sokoni. Macho yake yalilipita gari lile jeupe mara mbili.

"Liko wapi?"

"Hili hapa," alisema Lusubilo. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, kucha zake zimesuguliwa hadi zimekuwa na damu pembeni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Sekela alilizunguka. Nyimbo zilipungua sauti moja baada ya nyingine. Alifungua mlango, akaingiza mkono, akagusa kiti. Kilikuwa kitambaa cha kijivu kilichochakaa, chenye doa la chai ya mtu mwingine.

"Viti vyangu?"

"Baba aliandika kila kitu kirudi kama kiwandani. Nilitaka akubali, Sekela. Amekubali."

"Viti vyangu vilikuwa vya Baba?"

"Nitakutafutia ngozi nyingine. Twende kwa Kashinje wote wawili. Ni chuma tu na ngozi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Barua ilisema usiambiwe."

Mtu mmoja upande wa jikoni alicheka kisha akanyamaza ghafla. Sekela alifunga mlango wa gari taratibu, kwa uangalifu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Alisogea hadi karibu na kijana, akamwuliza kwa sauti ambayo hakuipandisha, lakini turubai lote lilikuwa limenyamaza:

"Lusubilo. Baba akiandika uniache, utaniacha?"

Swali hilo lina jibu la neno moja. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Kijana alifungua kinywa, na kabla ya kutamka chochote akageuza macho kunitazama mimi.

Haikuchukua muda wa pumzi moja. Kisha akasema, "Hapana! Sikuachi!" tena kwa nguvu, tena mara mbili. Lakini Sekela alikuwa ameshaona alikotazama kwanza. Sote tulikuwa tumeona.

Aliitoa shela kichwani, akamkabidhi mpambe wake, akamshukuru. Akamwinamia Ombeni na wazee wa Mbebe, akawaomba radhi kwa safari yao, mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani.

Marta alimfuata, mchungaji akamfuata, Getruda hakwenda. Chakula kilikuwa kimeiva, kwa hiyo kililiwa. Wakwe walikula wakiwa wamesimama. Saa tisa, Ombeni alinijia huku anajifuta mikono.

"Haya, Mwandishi," alisema, "tuandikie na hili."

25 Septemba

Joto. Hakuna aliyekwenda kanisani.

2 Oktoba

Sekela amekwenda Msangano na cherehani yake. Kuna chumba karibu na mnada wa ng'ombe, na wake za wafugaji wanapenda kushonewa. Nilimsubiri mlangoni nikiwa na maneno niliyoyapanga usiku kucha. Nilifika hadi sentensi ya pili.

"Baba, usinisomee," alisema. "Mimi nilikuwa na mwanaume aliyelichukua gari lililokufa akalifanya anavyotaka yeye. Huyo ndiye niliyemkubali. Wewe ulitaka mkwe anayetii. Haya, umempata. Kaa naye."

Hakunibusu mkono.

3 Oktoba

Getruda amehamia chumba cha Sekela.

15 Oktoba

Lusubilo ameacha gereji. Wenzake hawamwachi apumzike kwa maneno, na watu wa Kitwe waliokuwa wakimletea magari wanasema fundi aliyevunja gari lake mwenyewe hawezi kupewa la mtu.

Ni siku ya tisa sasa anakuja kibandani kwangu. Hufika saa mbili kamili, amevaa ile suti ya kijivu, na kuniamkia kwa goti. Hufagia, huchonga penseli, huwapangia wateja foleni. Nilimkataza akaacha kufagia, ila hakuacha kuja. Sina mtu mwingine anayezungumza nami tangu asubuhi hadi jioni, na watu wanaopita hutuita baba na mwana.

Leo mawingu ya kwanza yametanda juu ya milima ya Ileje. Mchana, wateja walipopungua, alisogeza kiti chake karibu na meza yangu.

"Baba," alisema, "kuna sharti lolote lililobaki? Liandike tu. Nitalitimiza."

Nilimtazama usoni kwa muda mrefu nikitafuta dhihaka. Haikuwamo.